Kidege Hiki ni cha Kazi Gani?

Usiku mmoja wa mwezi uliopita, baada ya swala ya Isha, tulikuwa tumeketi barazani tukinywa kahawa kama ilivyo ada yetu. Mazungumzo yalianzia bei ya samaki, yakapita kwenye siasa, yakazunguka mpaka yakanifikia mimi. Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye chuo kimoja utotoni na ambaye leo ni mtu wa kusikilizwa mtaani, aliniona nikipaka gundi bawa la kidege kilichovunjika. Akatikisa kichwa. "Lahaula! Ndugu yangu, ndevu zimekuwa nyeupe, wajukuu wakuamkia, nawe ungali wacheza tiara?"

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Lakini nilipojilaza usiku ule niliona kwamba maneno yake yalikuwa na mashitaka mawili ndani yake. La kwanza ni utoto, kwamba mtu mzima hastahili kushika kitu cha kuchezea. La pili ni israfu, kwamba fedha na wakati anaopewa mja vina mahali pake pa kutumiwa, na angani si mahali hapo. Kwa kuwa mashitaka yametolewa hadharani, nami naomba nafasi katika ukurasa huu niyajibu hadharani. Na jibu lenyewe, msomaji, halitoki Mombasa. Linatoka mbali na bahari, katika vilima vya Kisii na Nyamira.

Kwanza niseme jambo ninalozungumzia. Kidege cha redio ni ndege ndogo yenye mabawa, mkia na mota au injini yake, isiyobeba mtu. Anayeirusha amesimama chini, mkononi ana redio ndogo yenye vijiti viwili. Akisogeza kijiti, mawimbi ya redio yanapeleka amri kwenye kipokezi kilichomo ndani ya kidege, na vimota vidogo vinavuta vibao vya mabawa na vya mkia. Kidege kinapanda, kinashuka, kinapinda. Hakuna uzi. Hapo ndipo kinapotofautiana na tiara.

Lakini mwanzo wangu ni tiara, kama mwanzo wa kila mtoto wa pwani wa rika langu. Tulipotoka chuoni, vidole vingali na wino, tulikata karatasi, tukachonga chelewa za makuti ziwe mifupa, tukagandisha kwa uji wa unga wa ngano, tukaenda uwanjani kungoja upepo. Na upepo wa kwetu una majina. Kuna kaskazi, kuna kusi, na baina yake kuna matlai. Mtoto wa pwani anajua mwezi gani tiara itapanda upande gani, kama nahodha anavyojua lini atatweka.

Mwaka 1996 kazi ya uandishi wa habari ilinipeleka Kisii. Nilikwenda nikiwa na hakika kwamba ningekaa miezi sita. Nilikaa miaka tisa, na hata sasa ninaporudi Mombasa naona kama nusu ya moyo nimeiacha kule. Asiyepajua Kisii na apige picha hii moyoni: vilima juu ya vilima, hakuna tambarare ya kuenea macho. Kila mteremko umelimwa. Hapa chai, pale migomba, kule mahindi, na baina yake nyumba za mabati zinazong'aa jua likitoka. Mji wa Kisii uko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira zinazidi hapo. Asubuhi ni baridi ya kuvaa koti. Mchana jua lapendeza. Ikifika saa nane au saa tisa, mawingu yanajikusanya kutoka upande wa ziwa, ngurumo zinaanza, na mvua inateremka kama iliyokuwa na ahadi.

Upepo wa kule hauna majina kama wa kwetu, una saa. Alfajiri umelala. Saa tatu unaamka. Saa sita unacheza. Baada ya saa nane usiuamini. Mambo haya sikuyasoma kitabuni. Niliyajifunza kwa kuvunja videge.

Cha kwanza nilikinunua mwaka 1998 kwa kijana mmoja wa Kihindi aliyekuwa akihamia ng'ambo na wazazi wake. Kilikuwa cha mbao nyepesi ya balsa, kimefunikwa karatasi ngumu, na puani kilikuwa na injini ndogo ya kutumia methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Harufu yake ikikuingia puani haitoki tena. Hata leo nikipita mahali panapochemshwa mafuta ya mbarika nasimama, nawakumbuka watu ambao wengine wamekwisha kwenda mbele ya haki.

Yule kijana alinifundisha kwa wiki moja, kisha akaondoka. Nikabaki na kidege, na redio, na ujinga wangu. Aliniambia jambo moja ambalo sikulielewa wakati ule: "Hapa hewa ni nyepesi." Nilidhani ni maneno ya kusema tu. Baadaye mwalimu mmoja wa fizikia, aliyekuja uwanjani kwa kuvutwa na kelele za injini, alinieleza vizuri. Kwa urefu ule wa Kisii hewa imepungua uzito wake kwa kiasi cha sehemu moja katika sita ikilinganishwa na hewa ya Mombasa. Bawa linabebwa na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, bawa linahitaji kwenda kasi zaidi ili libebwe vilevile. Injini nayo inavuta pumzi kama sisi, basi nayo inachoka. Kidege ambacho Mombasa kingeruka kwa hatua kumi na tano, Kisii kinataka ishirini, na kinapotua kinakuja mbio. Kidege cha nyanda za juu kinataka mabawa makubwa.

Sasa nataka nieleze raha yenyewe iko wapi, maana anayetazama kwa mbali huona kitu kinazunguka angani tu, akauliza kinapendeza nini.

Raha ya kwanza ni ya kuunda. Kidege hakikubali uongo. Ukikitengeneza bawa moja zito kuliko jingine, kitakwambia. Ukiweka uzito wake nyuma kuliko inavyopasa, kitakwambia kwa kuanguka. Kanuni ni kwamba kidege cha kawaida ukikiinua kwa ncha za vidole chini ya mabawa, kiasi cha robo au theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele, kitulie kama mizani. Kikilala mkia, usikirushe. Nimewaona watu wenye digrii wakiipuuza kanuni hii, na nimewaona watoto wa darasa la nne wakiifuata.

Raha ya pili ni ile ya mkono. Kidege kinapokwenda mbele yako, kijiti ukikisukuma kulia nacho kinapinda kulia. Lakini kikigeuka na kukujia, kulia kwake kumekuwa kushoto kwako. Hapo ndipo wanaoanza wanapoharibikiwa. Akili inajua, mkono haujui, na baina ya akili na mkono kidege kimekwisha fika chini. Mzoefu hufundisha hila moja: kikikujia, sukuma kijiti upande wa bawa lililoinama, kama unayeliwekea mhimili lisianguke. Mimi ilinichukua mwaka mzima mkono wangu kuacha kufikiri. Na siku ulipoacha, nilihisi jambo ambalo sijalipata penginepo ila katika kutunga shairi, pale mizani inapokaa yenyewe bila ya kuhesabiwa vidoleni.

Raha ya tatu, na ndiyo mtihani, ni kutua. Kurusha ni kazi rahisi, na kila mjinga aweza kurusha. Wanahistoria wetu wametuachia habari za Abbas ibn Firnas wa Cordoba, katika Andalusi, aliyeishi karne ya tisa ya Miladi. Al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya kumi na saba, anasimulia kwamba mtu huyu alijivika manyoya, akajifunga mabawa, akajitupa hewani, akaruka masafa ya kutosha kuwashangaza watu. Lakini alipotua aliumia mgongo, na watu wakasema kwamba alisahau mkia, kwa kuwa ndege hutua kwa msaada wa mkia wake. Miaka elfu na zaidi imepita, na kila ninapokiona kidege changu kinateremka juu ya migomba ya Kisii, rafadha imepungua mlio, namkumbuka Ibn Firnas na mgongo wake.

Tulikuwa watu sita au saba tulioshikwa na mchezo huu: mwalimu, fundi wa redio, muuzaji wa vipuri, kijana Mnubi wa mjini pale ambaye nilikuwa nikikutana naye msikitini, na wengine wa kuja na kuondoka. Hatukuwa na chama wala katiba. Jumamosi asubuhi tulikutana katika uwanja wa shule moja ya msingi kando ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Nyamira, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na sharti lake lilikuwa moja tu: watoto waruhusiwe kutazama. Mara chache, mvua ilipokuwa imepungua mwezi wa Januari, tulipanda mpaka kwenye jabali la Manga, ule ukingo mkubwa unaoutazama mji wa Kisii kutoka juu. Pale hatukuhitaji injini. Upepo unaotoka bondeni ukigonga jabali hauna pa kwenda ila juu, na kidege chenye mabawa marefu ukikitupa ukingoni kinakaa hewani nusu saa nzima bila ya tone la mafuta. Mwewe walikuja kuruka nacho. Sijui walikidhania nini. Mara nyingi nilipokuwa pale nilitafakari ile aya katika Suratul Mulk inayotutaka tuwatazame ndege juu yetu wanavyokunjua mbawa na kuzikunja, na ni nani anayewashika wasianguke. Nilikuwa nimeisoma chuoni kwa miaka mingi, maalim akinisimamia na fimbo yake. Pale Manga ndipo nilipoitazama.

Siku moja ya mwaka 2003 injini ilinizimikia juu ya shamba la jirani, na kidege kikaanguka juu ya banda la kuku la bibi mmoja. Kuku watatu walitoroka, bati likabonyea. Nilikwenda mbio nikiwa nimejawa na haya. Nikamkuta amekishika kidege kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto. Nilimwamkia, nikamwita "Magokoro", kama Wakisii wanavyomwita bibi, nikamwomba radhi na kuahidi kulipa bati. Hakuniuliza habari ya bati. Alikigeuza kidege huku na huku, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Mwanangu, hiki ni cha kazi gani?"

Nilifungua kinywa, nisipate jibu. Nilisema, "Ni cha kuruka tu, Magokoro." Akanitazama kwa muda, akanirudishia. "Haya," akasema, "lakini kuku wangu wanakiogopa."

Bati nililipa. Swali nimelibeba miaka ishirini na zaidi. Na naona sasa kwamba swali la bibi yule na lawama ya rafiki yangu wa barazani ni kitu kimoja, ila bibi aliuliza na rafiki yangu amehukumu.

Jibu jepesi ni kutaja faida, na faida zipo. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio, na waliokuwapo waliona kama mazingaombwe. Mwaka 1937 ndugu wawili wa Marekani, Walter na William Good, walirusha kidege cha redio walichokiunda wenyewe, wakakiita Guff, nacho leo kimehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Walikuwa wakicheza. Mwezi wa Agosti 2003, mwaka uleule wa kuku wa Magokoro, mzee mmoja wa Marekani aitwaye Maynard Hill, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kudhoofika karibu na upofu, alirusha kidege chake kutoka Newfoundland, nacho kikavuka bahari ya Atlantiki mpaka Ireland kwa muda wa karibu saa 39. Uzito wake haukufika kilo tano. Baharini kilijiongoza chenyewe kwa msaada wa setilaiti, na kilipofika pwani mwenziwe alikishika kwa redio akakitua. Naye pia alikuwa akicheza. Na tangu mwaka 2016 nchini Rwanda videge visivyo na rubani vinapeleka damu katika hospitali za milimani, kwenye vilima visivyotofautiana sana na vya Kisii, mahali ambapo gari lingechukua saa nyingi. Mchezo umezaa kazi.

Hata hivyo nakataa kukimbilia jibu hilo. Tukisema kwamba mchezo ni halali kwa sababu utazaa kazi, tumekubali kwamba mchezo usiozaa kazi ni haramu. Na hilo silijui katika dini yangu. Wanachuoni wametupokelea katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliporudi kutoka safari ya vita aliona wanasesere wa Bibi Aisha, na katikati yao farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Alimuuliza habari ya farasi huyo na mabawa yake. Bibi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Suleiman waliokuwa na mabawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Hakumuuliza farasi yule ni wa kazi gani.

Rafiki yangu atasema, "Aisha alikuwa na umri mdogo, na wewe una ndevu." Kweli. Ndiyo maana nimejiwekea mipaka, na naisema hapa isije ikadhaniwa kwamba natetea upuuzi. Mchezo usipitishe swala. Usitiwe kamari, tuliwahi kuletewa mtu aliyetaka kuweka dau juu ya kidege cha nani kitakaa hewani zaidi, tukamtoa uwanjani. Usile haki ya watu wa nyumbani. Katika hili la mwisho naungama: mwaka wa tatu wa mchezo huu nilinunua injini mpya mwezi ambao karo ya mtoto ilikuwa haijalipwa. Mke wangu hakusema neno. Alikiweka kidege juu ya kabati ambapo sikifikii bila ya ngazi, nami nikafahamu. Basi katika shitaka la israfu nakubali nusu. Niliwahi kufanya israfu, na nikafunzwa. Katika shitaka la utoto sikubali hata chembe.

Kwa nini sikubali? Kwa sababu ya nilichokiona kwa watoto wa uwanja ule.

Walikuja kumi, wakawa thelathini. Wiki chache baadaye walianza kuja na videge vyao. Hawakuwa na balsa. Walikuwa na mabua makavu ya mahindi, ambayo ukiyamenya ganda lake la nje unabakiwa na moyo mweupe mwepesi kama pamba. Hawakuwa na gundi ya dukani. Walikuwa na miiba ya kushikizia na kamba za mgomba za kufungia. Baadaye walipata lile povu jeupe gumu linalofungiwa televisheni ndani ya katoni. Vilikuwa videge vya kutupa kwa mkono, visivyo na mota. Vya kwanza vilianguka puani au vikakaa mkia. Kisha mtoto mmoja, ambaye baba yake alikuwa mchongaji wa mawe ya Tabaka, akaja na kijiwe kile laini cha Kisii amekichonga duara, akakipachika puani mwa kidege chake, akakiinua kwa vidole viwili kama alivyotuona sisi tukifanya, akapunguza jiwe kwa kisu, akajaribu tena, akapunguza tena. Alipokitupa kilikwenda kutoka lango moja la mpira mpaka karibu na la pili. Mwalimu wa fizikia alikaa chini kwenye nyasi, akaniambia kwamba somo la mizani alikuwa amelifundisha kwa miaka kumi na moja, na ile ndiyo mara ya kwanza kumwona mtu amelielewa.

Sasa nauliza: yule mtoto angejifunzia wapi kama watu wazima sita wangeona haya kucheza? Mtoto hujifunza kwa kumwona mkubwa anajali kitu. Akituona tunachonga, tunapima, tunaanguka, tunacheka, tunarudia, anajua kwamba kukosea si aibu. Akituona barazani tu tukiwacheka wanaojaribu, nalo pia analijifunza.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo linaloniumiza, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Januari iliyopita nilipanda basi kwenda Kisii kama nifanyavyo kila mwaka. Siku hizi kidege changu ni cha umeme, betri yake haizidi ukubwa wa kiganja, na redio za sasa hazigongani kama zile za zamani ambapo watu wawili wa mawimbi mamoja wakiwasha pamoja, kimoja kilikuwa lazima kianguke. Nilifika kwenye uwanja wetu Jumamosi saa tatu, upepo ukiamka. Nusu ya uwanja ilikuwa imezungushiwa mabati. Ndani kulikuwa na mchanga, kokoto na misingi ya jengo la maduka. Nusu iliyobaki ilikuwa imekuwa njia ya malori. Niliuliza nani ameuza na nani amenunua, kila mtu akanielekeza kwa mwingine.

Watoto walikuwapo. Walikuwa barabarani. Mmoja, wa miaka minane hivi, alitupa kidege chake cha povu kikavuka lami, naye akakifuata bila ya kutazama. Bodaboda iliyokuwa imebeba magunia mawili ilipinda, ikatambaa kando, ikaanguka mtaroni. Alhamdulillahi hakufa mtu. Mwendeshaji aliinuka na goti lake linavuja damu, akamkaripia mtoto, mtoto akalia, watu wakakusanyika wakasema: watoto wa siku hizi hawana adabu, na michezo hii ya ndege ipigwe marufuku.

Nilisimama pale na begi langu. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuyatazama yale mabati.

Najua ardhi ya Kisii ni finyu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ya Kisii ina watu zaidi ya 900 katika kila kilomita mraba, na Nyamira zaidi ya 600. Baba akigawa shamba kwa wana wanne, kila mmoja anabaki na kipande cha kujengea nyumba na kupanda mistari michache ya chai. Mahali penye ufinyu kama huo, uwanja ulio wazi huonekana kama ardhi isiyo na kazi, na ardhi isiyo na kazi huwa na wenye kuimezea mate. Ni lile lile swali la Magokoro, sasa linaulizwa na mtu mwenye hati mfukoni: uwanja huu ni wa kazi gani?

Sheria nayo ipo, na siipingi. Kanuni za mwaka 2020 juu ya vyombo vya anga visivyo na rubani zimeleta utaratibu wa usajili, na zimeweka kikomo cha futi 400 juu ya ardhi. Ni haki. Kule Suneka kuna uwanja wa ndege, na mwenye akili hatarusha kidege karibu na njia ya ndege zenye watu. Lakini sheria inamwambia mtu asiruke wapi. Haimwambii aruke wapi. Hiyo ni kazi ya kaunti, na ya kamati za shule, na yetu sisi wazazi. Kaunti mbili zile zikitenga kila moja uwanja mmoja tu, ukaandikwa, ukapimwa, ukawekewa mipaka isiyohamishika, asubuhi moja ya wiki iwe ya wenye videge, na siku zilizobaki ziwe za mpira na za watoto, hakuna atakayepungukiwa. Na shule ambayo uwanja wake haujamegwa, leo ndiyo siku ya kutafuta hati yake. Kesho mabati yatakuwa yamekwisha fika.

Msomaji wa pwani asidhani haya ni ya Wakisii peke yao. Uwanja niliochezea tiara nikiwa mtoto, leo ni ghorofa. Wa jirani ni maegesho ya magari. Watoto wetu wanarusha tiara juu ya mapaa, kwenye nyaya za umeme, nasi tunawakaripia. Kaskazi inavuma vilevile kama ilivyovuma zamani, lakini haina mtoto wa kuikimbilia.

Basi, ndugu yangu wa barazani, hili ndilo jibu langu, na kwa kuwa wanijua sitaki kufunga bila ya beti, pokea huu:

Kidege si cha mtoto, nami mzee nacheza,
Mchezo huu si ndoto, hasha, si wa kupuuza,
Uwanja ni kama mto, ukizibwa kunaoza,
Tuwatunzie viwanja, ndege wapate kutua.

Bawa nililokuwa nikiligandisha usiku ule limekwisha kauka. Ijumaa hii baada ya Alasiri, inshaallah, nitalijaribu ufuoni maji yakiwa yametoka, mahali ambapo bado hapana mabati. Njoo na wajukuu wako. Redio ina vijiti viwili, na nitakushika mkono mpaka uzoee.